Taa ya Tangi la Samaki

Mpendwa mume wangu, Baba Neema,

Taa ya tangi lako iliungua mwezi uliopita, mchana, nikiwa namenya ndizi. Nimeandika "lako" kwa mazoea. Wenzangu walikuwa na wake wenza, mimi nilikuwa na samaki kumi na wawili na majani yao, na leo nakiri kwamba niliwaonea wivu samaki hao.

Unakumbuka tulivyohamia Kariakoo, ghorofa ya tatu, dirisha la sebule likitazamana na ukuta wa jirani? Saa sita mchana tulikuwa tunawasha taa ili tuonane. Wewe uliyekulia migombani Kilimanjaro ulinuna wiki nzima, kisha ukaja na tangi la kioo, mchanga na miche ya majini. Ukasema unalima. Nilicheka mpaka nikamwamsha binti yetu.

Halafu tukaenda kununua taa. Pale dukani kila taa hujaribiwa kwenye holda juu ya kaunta kabla hujaondoka nayo, ili kesho usirudi kulalamika. Ukatoa mfukoni chupa ya jemu yenye maji na mche mmoja, ukaiweka chini ya kila taa, ukainama na kufumba jicho moja. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna.

"Mzee, hapa tunajaribu kama inawaka," muuzaji akakwambia. "Kama inapendeza utajua nyumbani."

Ukaendelea kusoma namba za rangi ya mwanga kwenye maboksi. Elfu tatu, mwanga wa njano. Elfu sita na mia tano, mweupe kama wa mchana. Elfu kumi, unaelekea bluu. Mimi niliipenda ya njano. Chini yake maji yalikuwa na rangi ya asali, na ule mche ukaiva wekundu ambao sikujua kama unao.

"Hii, Baba Neema."

"Hiyo itaua mimea, Mama Neema. Mimea inataka mchana."

Nikairudisha ya njano kwenye boksi lake. Mimi na mimea wapi na wapi. Miaka kumi na moja sebule yetu ikawa nyeupe, nawe kila jioni ukinionyesha vipovu vikipanda kutoka kwenye majani. Siku nyingine tulikaa kimya hadi kelele za mtaani zikawa mbali kabisa, nikahisi nyumba nzima inazama taratibu majini na hakuna anayejali. Nilikuwa na furaha siku hizo. Sikukwambia.

Tangu tukuzike, ni mimi ninayepunguza majani na kubadilisha maji. Uliyapanda mwenyewe. Yakifa, sijui nitabaki na nini chako kilicho hai. Kwa hiyo taa ilipoungua nilirudi kwa muuzaji yuleyule na boksi la zamani mkononi, anipe namba ileile. Akanipa pole. Nikamuuliza, basi tu, kama ile ya njano kweli ingeua mimea.

"Haiui, mama. Mwanga ukiwa na nguvu ya kutosha, inakua tu. Rangi ni ya mtu anayekaa kuangalia. Hata mzee nilimwambia, akacheka." Akalichukua boksi la zamani mkononi mwangu. "Sasa hivi anayekaa kuangalia ni nani?"

Nilishika kaunta. Nilikukasirikia palepale mbele za watu, mume wangu, na machozi yakanitoka. Ulikuwa unatafuta mchana wa kwenu migombani, basi. Ungeniambia hivyo ningekupa, tena kwa moyo mweupe.

Nikanunua ya njano. Nilipanda kwenye stuli nikaifunga mwenyewe, nikijua kwamba kama yule bwana amekosea, nimekupoteza mara ya pili. Wiki ya kwanza niliamka kila alfajiri kuhesabu majani. Wiki ya tatu yakachipua, mekundu, na vipovu vikipanda polepole katika ule mwanga wa asali. Nikakaa chini nikaangalia mpaka chai ikapoa.

Jumapili Neema alikuja. Alisimama mlangoni akilitazama tangi, akauliza nani amechagua taa hii.

Nikamwambia, mimi.

Lala salama, Baba Neema. Majani yako yako mikononi mwangu.

Mkeo,
Mama Neema