Mama, Kiti Kimesogea

Sydney, majira ya baridi, 2017

Mama,

Kiti kimesogea. Naanza na hilo kwa sababu ndivyo ulivyotufundisha, mtu aseme kwanza, mengine yafuate. Kile kiti chako cha barazani, chenye mkono mmoja uliolegea, hakipo tena kando ya nguzo. Kimo ndani ya gari la Amani, kimelala chali juu ya magodoro, na kesho asubuhi kinaondoka pamoja nasi. Usikitafute pale.

Nyumba imeuzwa, Mama. Yule mzee Mwitaliano aliyetupangisha alitangulia kabla yako, wewe mwenyewe ulimwombea. Watoto wake wameiuza kwa watu wanaotaka kuivunja wajenge ghorofa. Siwalaumu, mali ni yao. Lakini tangu nipate habari hiyo kuna jambo moja haliniachi: nyumba uliyoijua kwa mikono inaondoka, na wewe hujaambiwa. Ndugu yangu Amani anasema nimechanganyikiwa. Inawezekana. Nimekaa jikoni juu ya ndoo niliyoipindua, daftari la shule la mwanangu Neema liko magotini, na nitakupitisha chumba kwa chumba mpaka nimalize.

Unakumbuka siku tulipohamia hapa? Macho yako yalikuwa yameshazimika kule kambini, Kigoma. Nilitaka nikushike mkono nikutembeze, ukanifukuza. Ukatuamuru sote tukae nje kwenye majani, na Neema alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Ukaingia peke yako. Tulikusikia ukigonga kuta, ukifungua makabati, ukikohoa vumbi, ukiongea na milango. Ulipotoka viganja vyako vilikuwa vyeusi, ukacheka: "Nimeiona. Ni nyumba ya watu wenye akili." Mwitaliano alikueleza kwamba mtindo wa nyumba hii ulitoka Marekani zamani, kwa watu waliotaka kazi ya mkono wa fundi ionekane kwenye kila kiungo cha mbao. Nilipokutafsiria ulisema, basi hao walinijengea mimi.

Ndipo ukatoa sheria yako. "Museme kwanza, ndiyo musogeze." Kiti, ndoo, viatu, hata kikapu cha nguo. Neema tangu anajifunza kusema alikuwa akipiga kelele, "Koko, chair!" yaani bibi, kiti, na wewe unazunguka bila hata kusimamisha hadithi. Wageni walituona vichekesho. Mimi nilijua sheria hiyo ilikotoka. Tulipokimbia Uvira mara ya kwanza, tukarudi, ulikuta mtu amejenga ukuta katikati ya jiko lako. Wakati huo ulikuwa unaona vizuri kabisa. Ulisema kilichokuuma si ukuta. Kilichokuuma ni kwamba mtaa mzima walijua, wakakusalimia njiani, wakakuuliza habari za safari, wakakuacha utembee mpaka uukute mwenyewe.

Sitaki uukute mwenyewe, Mama. Ndiyo maana naandika.

Baraza. Paa bado limeshuka chini na kutokeza mbele. Nguzo zipo, zile nene chini na nyembamba juu, ulizozikumbatia ukasema zimeumbwa kama shangazi Feza. Feza angekusikia! Matofali ya chini bado yana joto jioni, nimeyagusa leo kwa ajili yako. Ila uzio wa waya umezunguka nyumba yote na geti lina kufuli la watu wengine, tunaingilia upande wa mlimau. Mtaani tumebaki peke yetu. Majirani wa kushoto wameshavunjiwa, pamebaki udongo mwekundu na choo kimoja kimesimama uwanjani bila kuta.

Sebule. Ukisukuma ule mlango mzito unakuwa umeshafika, hakuna ukumbi. Mahali pa moto papo, na yale mabenchi mawili yaliyojengwa ukutani, moja kila upande. Wewe ulikuwa wa kushoto. Boriti za darini hukuweza kuzifikia, basi Amani alimbeba Neema mabegani akazigonga kwa kijiko, moja baada ya nyingine, ukafuata sauti kwa kidole hewani. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyokuona umefurahi kuliko zote tangu tufike nchi hii.

Na hapo sebuleni ndipo nilipokuaibisha, au waliponiaibisha, bado sijaamua. Unajua kwetu kilio kinakaliwa chini. Nilirudi kutoka hospitalini kuchukua kitenge chako cha kukuvalisha, nikakuta watu wa kanisa wameshafika, na Amani mbele yao, wanatoa vitu. Viti nje. Meza ndogo nje. Redio yako nje. Magodoro yametandazwa kutoka mlangoni mpaka mahali pa moto, wanawake wameshavua viatu. Walikuwa wanafanya yanayotakiwa, kwa upendo, na haraka. Lakini hakuna aliyesema neno. Nyumba nzima ilipinduliwa kimya kimya.

Nikasimama mlangoni nikapiga kelele: "Nani amemwambia? Nani amemwambia Mama?" Nilipiga mpaka sauti ikakatika. Wakaniletea maji. Mmoja akasema uchungu umenipanda kichwani, wakanilaza kwenye godoro kama mtoto mwenye homa. Amani akachuchumaa karibu yangu, jasho linamtiririka, akaninong'oneza: "Yaya, nani atajikwaa sasa?"

Kwetu mkubwa anaitwa Yaya kwa heshima, na alilitamka kwa heshima. Hilo ndilo lililoniua. Angenitukana ningepata la kumjibu. Usiku wa kilio mvua ilinyesha juu ya viti vyote, na mimi na Amani hatukuzungumza ila kwa mambo ya lazima, tangu kukuzika mpaka juzi. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwako sijaikubali methali hiyo, na sitaikubali.

Chumba cha kulia. Hapa nenda polepole, tafadhali. Ile milango ya kusukuma imetolewa, pamebaki uwazi. Zile mbao nyeusi zilizofika mabegani mwako, zenye kijirafu juu ulichopitisha kidole kila asubuhi ukisema unasoma gazeti, zimeng'olewa. Na kabati lililojengwa ndani ya ukuta, lenye vioo, ulimoficha biskuti ukidhani hatujui, nalo limekwenda. Walikuja wanaume wanaonunua mbao za zamani. Walifanya kazi huku wanapiga mluzi. Kabati lilipotoka lililia, Mama, sijui niseme vipi, lilitoa sauti ya mtu. Ukutani pamebaki shimo na misumari mingi. Usipitishe mkono hapo. Nakuomba sana, hapo usiguse.

Korido na bafu havijabadilika, ila taa imekatwa, na hilo halikuhusu. Chumba cha Amani kitupu. Chumba changu na Neema kitupu. Vikiwa vitupu vyote vinatoa mwangwi mmoja, na kwa mara ya kwanza mimi mwenye macho nimepotea humu ndani. Niliingia chumba cha Amani nikidhani ni changu.

Chumba chako. Nimekizunguka kwa siku nyingi, hata kwenye barua hii naona nakizunguka. Ni kile cha nyuma, kinachofungukia kibaraza cha vioo ulikoota jua na kuchambua sombe, majani ya muhogo tuliyonunua Cabramatta, ukinusa kila mfuko na kumlaumu Mvietnamu wa watu kwamba majani yake yamelala. Kitanda kimetoka. Kabati la nguo limetoka. Vitenge vyako wamegawana akina mama wa kanisa, isipokuwa kile cha bluu, hicho nilimnyima hata Feza alipopiga simu kukiomba. Ukutani, pembeni mwa mlango, kuna mahali rangi imelika kwa kiganja chako. Amani alitaka kukata kipande hicho cha ukuta. Sikuamini kwamba ni yeye anasema. Nikamkatalia, nikamwambia kiache, kife na nyumba yake.

Hukufia humo. Nilitaka ufie humo na sikuweza. Ulifia kwenye chumba usichokijua, na hili ndilo ninaloamka nalo. Kila zamu ilipobadilika, kile kimeza cha magurudumu kilibadilika mahali. Wauguzi hawakuwa watu wabaya. Mimi mwenyewe natunza wazee kule Westmead, najua mikono miwili haitoshi. Ulikuwa unanyoosha mkono, unakuta hewa. "Zawadi, ukuta uko wapi?" Nikauchukua mkono wako nikautafutia ukuta. Upande mmoja pazia, upande mwingine chuma cha kitanda. Ukuta wenyewe ulikuwa mbali, nyuma ya mashine. Ukalipapasa lile pazia, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa sokoni, ukasema, "Hii si nyumba." Hukusema tena kitu cha maana baada ya hapo. Daktari alipokuja kunieleza kwamba moyo umechoka, mimi nilikuwa bado nawaza lile pazia.

Siku hizi kazini nikisogeza kiti cha mzee, namwambia. Hata wale wasionisikia. Wenzangu wananicheka, nami nawaacha wacheke.

Neema amerefuka. Bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, huko hakuna mabadiliko. Wiki iliyopita nilimkuta anatembea koridoni amefumba macho, mkono ukutani, kutoka chumba chako mpaka jikoni, halafu anarudi. Nikamuuliza anafanya nini. Akaona aibu, akaniambia nisimwangalie. Sikumwangalia tena.

Jiko. Limebaki la mwisho kwa sababu ndimo nilimo. Friji imeondoka, unaweza kunyoosha mkono hapo. Sinki lipo. Dirisha lako la harufu lipo wazi, mlimau umezaa sana mwaka huu na hakuna wa kuuchuma. Na meza, ile kubwa, ambayo ulikuwa ukiishika kona ndipo unajua umefika katikati ya nyumba. Hiyo imetoka leo jioni, na nataka nikueleze ilivyotoka.

Amani alikuja na rafiki yake wa kazini, kule ghalani. Mimi nilikuwa nafunga vyombo kwa magazeti, nimewapa mgongo, kwa sababu nilijua nikiangalia nitagomba, nasi tumeshachoka kugombana. Nikasikia miguu ya meza ikinyanyuka. Kisha nikasikia inawekwa chini tena. Nikageuka. Amani alikuwa amesimama upande wa mlango, mikono imeshika mbao, kichwa amekielekeza koridoni, kule kwenye chumba chako. Akasafisha koo. Akasema kwa sauti, kama mtu anayeita aliye chumba cha pili: "Mama, meza inatoka. Upite pembeni."

Akangoja kidogo. Kweli alingoja, Mama, kama ambavyo sote tulikuwa tukingoja mpaka useme "haya, pitisheni." Rafiki yake akatazama huku na huku akitafuta anaongea na nani. Halafu wakainyanyua wakaitoa, na Amani alipopita karibu yangu hakuniangalia, uso wake wote umelowa. Sikumuuliza nani atajikwaa.

Nililia kwenye magazeti mpaka wino ukanishika usoni. Sikulia hivyo siku ya kukuzika. Siku ile nilikuwa na hasira tu.

Sasa umeambiwa. Nyumba njema si mlango, na hii ilikuwa njema mpaka ndani kabisa, ila imekwisha. Jumatatu wataleta mashine. Usiwe humu, Mama. Kama yapo mambo ambayo wachungaji hawayajui, na kama huwa unapita kutuangalia, basi usipite tena hapa. Itakuwa udongo mwekundu kama kwa majirani, na hakuna ukuta wa kukushika mkono.

Tunahamia Minto. Sikiliza nikuelekeze, nilikwenda peke yangu nikaizunguka nimefumba macho, nikajigonga goti. Ni nyumba ndogo. Kuta zake nyembamba, ukizigonga zinalia kama kopo, utazidharau. Ukiingia, weka mkono wa kulia ukutani, ukuta huo una baridi kwa sababu jua haliufikii. Ufuate. Utakutana na mlango wa Amani, kisha wa Neema. Ukuta ukikatika ghafla usiogope, ndipo sebule ilipo, na jiko liko humo humo bila kutenganishwa, mtindo wa siku hizi, najua utasonya. Meza yako itakaa katikati. Shika kona, utajua umefika. Chumba changu kiko nyuma yake, na sitafunga mlango.

Kiti chako nitakiweka karibu na dirisha la asubuhi, kile kitenge cha bluu juu yake. Hakitakaliwa na kila mtu. Nakuahidi hakitasogezwa hata kidogo bila mmoja wetu kukuambia, na Amani amesema yeye ataanza.

Lala salama huko uliko, mama yangu. Siku ukija, mlango wa Minto una kizingiti kirefu kuliko wa hapa. Inua mguu.

Mwanao,
Zawadi