Sauti za Laptop Kumi na Tano

Alhamisi, 17 Julai 2025

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nayaandika haya nijikumbushe, maana tangu asubuhi mkuu wa shule, Mwalimu Polikarpi, ananiita "mtu wetu wa TEHAMA". Kisa nini? Nilikwenda semina Bukoba nikarudi na cheti. Kwamba nilisinzia nusu ya semina, cheti hakisemi.

Zimekuja laptop kumi na tano kwa ajili ya wanafunzi wetu wa kidato cha nne wasioona. Na programu ya kuzifanya ziongee — mtoto anaandika, mashine inamsomea alichoandika, tena kwa Kiswahili. Wafadhili wamelipia leseni ya mashine kumi na tano. Nimepewa ufunguo wa leseni, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, kuusoma tu unakauka mate.

Afisa elimu amekubali: mtihani wa utamilifu, Jumatatu ya tarehe 28, wasioona waandike wenyewe kwa laptop. Ila wote au hakuna. Ikipungua hata moja, wote wanarudi kwa waandishi — mtoto atamke, mtu mwenye macho amwandikie.

Nikampa habari Kokuhirwa, mmoja wa hao wanafunzi wasioona. Akasema mwaka jana mwandishi wake alimrekebishia insha, akapata alama nzuri, na ile insha haikuwa yake.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Laptop moja. Siku nzima, laptop moja! Bando limekwisha katikati, umeme ukakatika, nikaanza upya. Inauliza maswali kwa Kiingereza cha mahakamani, nami nabonyeza "nakubali" bila kujua nimekubali nini.

Saa kumi ikaongea. Kokuhirwa akaandika sentensi moja, akaisikiliza, akaifuta, akaiandika upya. Zaidi ya mara tano. Anasema sauti yenyewe ni ya mtu aliyechoka lakini ana adabu. Tulicheka sana.

Bado kumi na nne. Kwa mwendo huu nitamaliza Krismasi.

Jumapili, 20 Julai 2025

Baada ya misa alinipitia dada Adelgunda. Tulisoma naye chuo cha ualimu, sasa anafundisha Kyerwa, upande wa Isingiro. Alikuwa ametoka kwenye send-off Kiruruma. Tumetafuna punje za kahawa, tumesema watu, roho imetulia.

Nimemchimbulia miche mitatu ya ule mgomba wangu wa ndizi za kupika, alikuwa anautamani tangu mwaka juzi. Halafu akauliza: na ile programu ya kuongea, hunigawii mbegu? Nao wana watoto wasioona, wana laptop, lakini zinaongea Kiingereza tu, watoto hawaelewi. Nikamwekea kwenye flashi, ufunguo nikamtumia kwa meseji. Huku kwetu nani anamnyima mwenzake mche? Unachimbua, shina linabaki pale pale.

Amefurahi, kidogo asahau mfuko wa miche.

Jumatatu, 21 Julai 2025

Kayanga, kwa Winston, fundi wa kompyuta. Kanicheka kwa heshima. "Mama, chakula cha watu kumi na tano unakipika kwenye sufuria kumi na tano? Pika moja, pakua."

Maana yake: tengeneza laptop moja vizuri, unakili kila kilichomo kwenye flashi kubwa, umimine kwenye hizo nyingine. Kila moja nusu saa, huhitaji intaneti. Ila kabla ya kunakili, toa ufunguo kwenye ile ya kwanza. Ufunguo unauingiza mwishoni, kila mashine kivyake. Amelirudia hilo kama mara tatu hivi. Nimeitikia mara zote tatu.

Jumatano, 23 Julai 2025

Jana kumimina, leo kumimina. Zote kumi na tano zinafanana kama sare! Nimejiona mhandisi. Mkuu kapita dirishani, kainua kidole gumba.

Mchana nikaanza kuingiza ufunguo. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Hadi ya tisa, zinaongea zote kwa pamoja, chumba kama soko. Ya kumi — imekataa. Inasema idadi ya leseni imetimia.

Imetimia wapi? Nimehesabu zinazoongea. Tisa. Nimemwita Kokuhirwa naye ahesabu kwa masikio. Tisa.

Je, nilitoa ufunguo kabla ya kunakili? Nadhani nilitoa. Nakumbuka kubonyeza kitu. Winston kwenye simu anasema kama sikutoa, huenda nakala zimekula leseni mara mbili. Huenda. Fundi naye anasema huenda! Nimeifuta ya kumi, nimeimimina upya. Imekataa. Nimejaribu ya kumi na moja. Imekataa. Nimeanza kumshuku mwalimu wa hesabu, eti kaiweka kwenye laptop yake ya nyumbani. Maskini, hata laptop hana.

Sijui nimefanya nini. Kweli sijui.

Alhamisi, 24 Julai 2025

Nimewapigia kampuni ya ile programu, Dar. Dada mpole sana. Anasema kunakili hakuna shida, nilifanya sawasawa. Nikapumua. Kisha akasema, "Mama, zenu tisa naziona. Na zile sita za Jumatatu nazo zinafanya kazi vizuri." Zipi hizo? Akanisomea majina waliyozipa: Isingiro moja, Isingiro mbili, Isingiro tatu...

Nimekaa chini, kwenye sakafu.

Lakini nilimpa nakala! Yangu bado ninayo, ufunguo ninao, sijapungukiwa herufi hata moja. Dada akaeleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Ufunguo ni mmoja, nafasi ni kumi na tano, kila mashine inakalia nafasi yake. Nyingine za kununua zinahitaji kibali cha wafadhili, wiki tatu au nne. Nimeelewa na sijaelewa. Kitu gani hicho unachompa mtu, kikabaki mkononi mwako, na bado kimepungua?

Nikampigia Adelgunda nikiwa na maneno yangu tayari. Hakunipa nafasi. "Mdogo wangu, zimeshika zote sita! Waitu jamani, ungewaona watoto. Na mtihani huu wanaandika wenyewe, tumekubaliwa. Mwanafunzi wangu Anatolia amemwandikia mama yake barua." Anasema amemwomba padre aniombee.

Nimemuuliza kama kwao kumenyesha. Hakujanyesha. Nikaaga.

Ijumaa, 25 Julai 2025

Nimemweleza mkuu kila kitu. Hakufoka, afadhali angefoka. Amesema leseni ni ya shule yetu, watoto ni wetu, zile sita zirudi leo. Ana haki. Nimejaribu kutafuta mahali alipokosea, sijapaona.

Nimempigia dada wa kampuni. Anaweza kuzizima za Isingiro akiwa hapo hapo Dar. Ofisi yao inafungwa saa kumi na moja, na hawafungui tena hadi Jumatatu. Nimtumie meseji yenye neno moja tu, "Zima." Ndani ya dakika chache zitanyamaza kule, na zetu sita zitaongea huku. Nisipotuma, watoto wangu kumi na tano wanarudi kutamka.

Kokuhirwa alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Nilitegemea aseme tuzime, au aseme tuache, nishike mojawapo. Kauliza hivi: "Mwalimu, kule watakuwa wameambiwa, au itanyamaza tu wakiwa wanaandika?"

Nimeona aibu. Sikuwa nimefikiria hilo kabisa.

Saa tisa na nusu. Nimempigia Adelgunda, hapokei. Yuko darasani, simu iko kwenye mkoba. Meseji ya dada wa kampuni nimeshaiandika, bado kuituma. Nimepiga ofisi ya shule yao, namba haipatikani. Mkuu amechungulia mara mbili, nimemwambia mtandao unasumbua.

Saa kumi na robo. Kokuhirwa hajaondoka. Amekaa kwenye benchi, ananisikilizia simu. Nimemwambia aende akapumzike, anasema yuko sawa. Sijui namlilia nani kati ya huyu na Anatolia nisiyemjua sura.

Situmi neno kabla Adelgunda hajapokea. Hilo tu ndilo ninalolijua leo.

Saa kumi na dakika hamsini. Nimepiga tena. Inaita.