Mlango Uliojifunga Wenyewe

Nyumbani, nyuma ya karakana ya baiskeli
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu na za mwanao Afande, ambaye sasa hivi amelala kifudifudi, mguu mmoja nje ya shuka. U hali gani huko uliko? Mgongo umetulia, au bado unainamia cherehani mpaka macho yanauma? Na wanao pacha, wameacha kugombania kitanda cha juu? Sisi hatujambo. Mimi nimepungua kidogo, lakini chakula kinapita, usiwe na wasiwasi.

Nakuandikia kuhusu safari ya macho. Unajua jicho la kushoto la Afande linavyoangalia puani. Muuguzi jirani yetu alituombea nafasi kwa daktari bingwa anayekuja mara mbili tu kwa mwaka. Mara ya kwanza tulisafiri usiku kucha, tukafika mtoto yuko hoi, akalia kila alipowekwa kwenye kiti, tukarudishwa. Daktari alinieleza kwa upole kwamba mtoto asiyetulia hapimiki, na kwamba jicho lile likizidi kukaa bila tiba litaacha kuona. Kwa hiyo safari hii tulitangulia siku moja, tukachukua chumba hotelini karibu na hospitali. Kazi yangu ilikuwa moja tu: mtoto alale.

Muuguzi alikuwa amenifundisha. Nimlishe mapema, nimwogeshe maji ya vuguvugu, nibebe shuka lake la nyumbani, nipunguze taa. Nilibeba kila kitu, hata mto wake uliochakaa. Nilikosa beseni tu. Bafuni kulikuwa na bomba la mvua, na Afande analiogopa kama anavyoogopa mbwa. Basi saa moja jioni nikawasha birika la umeme, nikamwambia anisubiri kitandani nikaombe beseni mapokezi, hatua kumi tu.

Hapo ndipo nilipokosea. Chumba kile kinafunguliwa kwa kadi, na kadi hiyohiyo unaichomeka ukutani ili taa ziwake. Nikaona nikiichomoa nitamwacha gizani. Nikaiacha. Mlango ukarudi taratibu nyuma yangu, ukajifunga.

Wifi, nilisukuma, haukwenda. Ndani nikasikia, "Mama?" Halafu kilio. Na birika lilikuwa limeanza kuunguruma juu ya meza fupi, inayomfika mtoto kifuani.

Dada wa mapokezi akaja mbio na kadi nyingine. Kitaa cha mlango kikawa chekundu. Akaifuta kwenye sketi yake, kikawa chekundu tena. Akaondoka kumtafuta msimamizi wa usafi, mwenye kadi inayofungua vyumba vyote, ambaye alikuwa chumba cha kufulia huko nyuma. Mzee wa chumba cha jirani akatoka na fulana, povu la dawa ya meno mdomoni, akataka kuupiga mlango teke. Nikamshika mkono. Mtoto alikuwa hapo hapo nyuma ya ubao, namsikia akiukwaruza kwa kucha.

Nilimbembeleza kwa kila jina ninalolijua. Nilimwimbia. Nikamkataza asiguse birika, na nilipolitaja tu nikajuta, kwa sababu kilio kilikatika na hatua zake zikaelekea huko.

Sijui mkono wangu uliipata wapi akili. Nilitikisa kitasa mara mbili, nikapiga ubao kwa kiganja. Unakumbuka marehemu kaka yako alivyokuwa akitoka kwenda lindoni? Mimi nilikuwa nafunga komeo kwa ndani, naye anaujaribu mlango kwa nje kama anavyojaribu malango ya ghala lake: anautikisa mara mbili, anaupiga kiganja, kisha anasema kupitia ubao, "Nimekagua. Afande, lala." Nilidhani ni utani wake tu wa kilinzi. Tangu tumzike sikuwahi kuyatamka maneno hayo. Jioni ile nikayatamka.

Hatua zikasimama. Zikarudi.

"Ni Baba?"

Ningesema ndiyo, angetulia papo hapo. Neno lilikuwa ulimini, wifi, sikufichi. Nikafikiria asubuhi yake, atakavyoamka na kuniuliza Baba amekwenda wapi.

"Ni Mama," nikasema. "Baba alinionyesha anavyokagua."

Mzee wa fulana akaacha kutafuna mswaki.

"Kagua tena."

Nikakagua tena. Na tena. Kila mara aliitikia "tena," sauti ikizidi kushuka kuelekea sakafuni, mpaka haikuja kabisa. Kimya kile kilinitisha kuliko kilio.

Msimamizi wa usafi alipofika alimkuta mzee yule amekwisha kukunja suruali, tayari kwa teke. Akamwambia arudi akasukutue, mlango ule si adui yake. Kadi yake ikatoa rangi ya kijani. Mlango ukafunguka kidogo, ukagusa kitu laini. Alikuwa amelala kwenye zulia, shavu kwenye mwanya wa chini ya mlango, hajaungua popote. Beseni lililetwa, sikulitumia. Nilimbeba hivyo hivyo na jasho lake, nikakesha nikimwangalia anavyopumua.

Asubuhi alikaa kwenye kile kiti akataja picha zote: bata, nyumba, kikombe. Atavaa miwani, na jicho la kulia, lililo zima, litazibwa saa chache kila siku ili mwenzake afanye kazi. Daktari alisema tumewahi.

Nina jambo la kukuomba radhi. Mwezi uliopita kwenye simu uliniuliza kama mtoto anamkumbuka baba yake. Nilikujibu haraka kwamba alikuwa mdogo mno, ameshasahau, nawe ukaniaga, ukakata simu. Sikuwa nimemuuliza, wifi. Niliogopa jibu lake. Sasa kila jioni natoka nje, naukagua mlango, na yeye ananisahihisha nikikosea.

Nisalimie shemeji, uwabusu pacha. Mpigie mama mkwe, umwambie mjukuu wake atavaa miwani, asimcheke mbele yake. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi nikupendaye,
wifi yako,
Mama Afande