Kwa Mama, Kutoka Kwetu Tusiobandika Maji

Mama, mwaka umepita sasa tangu ulipotutoka, na leo ndiyo mara ya kwanza tunathubutu kukuandikia. Wenzetu huwaandikia wazazi wao mapema. Sisi tulikuwa tunaona haya, na bado tunaona.

Asubuhi ulikuwa fundi cherehani hapo barazani kwetu, mita ya kupimia shingoni, pini mdomoni, unatujibu maswali kwa nyusi. Jioni ulijipukuta nyuzi kwenye gauni ukapanda kilima kwenda kwenye redio yetu ya kisiwa, kile chumba kilichokuwa stoo ya zahanati. Trei za mayai zimegongomelewa ukutani ili sauti isirudi, na blanketi kuukuu limening'inia mlangoni. Pale hakuna anayelipwa. Fundi mitambo mchana anachomelea mageti, msoma habari ni mwalimu wa chekechea, na wewe ulikuwa mama wa matangazo.

Na matangazo yako yalikuwa matangazo kweli! "Mbuzi wa kahawia, pembe moja imevunjika, yuko kwa fundi viatu tangu asubuhi. Mwenyewe amfuate haraka, ameshaanza kula soli." Ulitangaza boti ya mizigo ikiharibika, ulitangaza chanjo, ulitangaza mgonjwa wa nani amefika salama hospitali ya ng'ambo. Kisiwani hapa mtandao ukikatika umekatika, aliyekuwa anabaki ni wewe. Na kwa kuwa nguo za watu hazikuisha, ulikwenda nazo hukohuko, ukawa unatangaza huku unakata nyuzi. Watu walikuwa wanausikia mkasi wako.

Haya yote, Mama, tumesimuliwa. Sisi wanao hatukuwa tunakusikiliza.

Ukishatoka mlangoni tu, Baba anageuza redio kwenye mpira. Kaka Mkubwa na simu yake. Mimi binti yako, ninayeandika haya kwa niaba ya wote, nilikuwa na tamthilia zangu. "Redio ya kuku waliopotea," ndivyo tulivyoiita, tena mbele yako, nawe ukacheka pamoja nasi. Kaka yako, Mjomba Spika, ambaye kwa sauti ile hahitaji mtambo wowote, alizoea kusema, "Mwacheni dada apige domo, si anapiga bure?" Tukacheka tena.

Ukirudi ulikuwa unasimama mlangoni kwanza, unatazama jiko. Jiko baridi. Unasema, "Haya," unavua viatu, unabandika maji ya chai mwenyewe. Baba alitueleza kwamba hupendi chai ya mkono wa mtu mwingine, na sisi tukaamini, maana ilitufaa kuamini.

Siku ya kukuzika, Kaka Mkubwa alitengeneza karatasi nzuri zenye herufi kubwa, WA NYUMBANI, akazibandika kwenye viti vya mbele. Kubandika karatasi tulijua. Mara wakaingia watu tusiowafahamu, vumbi mpaka magotini, wametembea kutoka upande wa pili wa kisiwa na chupa za chai mikononi. Mbele yao Mama Mkaa, anayeuza mkaa kule gatini. Wakazisoma zile karatasi, wakatazamana, wakakaa.

Mjomba Spika akawafuata. "Jamani, samahani, hivi viti ni vya wa nyumbani."

"Tumeona, baba. Asante," akasema Mama Mkaa.

"Wa nyumbani kwa nani?"

"Kwa Mama huyu."

"Mama huyu ni dada yangu! Nawajua wa nyumbani kwake wote, na wewe humo sijawahi kukuona. Inukeni, tafadhali."

Wakainuka, Mama. Hawakubisha. Wakaenda kusimama ukutani na chupa zao, na sisi tukakaa mahali pao, viti bado vina joto.

Kaka Mkubwa akasimama kusoma wasifu wako. Akasoma vizuri, akatoa leso, akafika pale aliposema, "Nasi familia yake hatukukosa kipindi chake hata kimoja." Watu wakaitikia kwa huzuni. Mimi nilikuwa naijua kweli, nikatazama chini, nikajitia hamnazo.

Mwishoni Mama Mkaa alikuja kutupa mkono wa pole. Akamwambia Kaka, kwa wema kabisa, "Tumewaletea chai, wanangu. Leo najua hamkuwa na nguvu ya kubandika maji."

Kaka akauliza, na kipaza sauti bado kiko mkononi, "Maji gani, mama?"

Mkutano mzima ukamsikia. Mama Mkaa alikitazama kile kipaza sauti, akaitazama karatasi ya wasifu, akateremsha sauti kama anayetaka kutusitiri. "Yale anayoyasema akimaliza. 'Wa nyumbani, nimemaliza. Bandikeni maji, nateremka.' Kila jioni. Si mnayajua?"

Mjomba Spika, yeye na sauti yake yote, alikuwa anakagua vidole vya miguu.

"Tulijua anawaambia ninyi," akasema Mama Mkaa. "Sisi tulidandia tu. Akisema, kila nyumba inabandika. Tukawa tunajiita wa nyumbani, na mwenyewe hakutukataza."

Tuliumbuka, Mama. Watu wakatugeukia, safu nzima ya mbele, tumekaa na karatasi zetu mgongoni. Kisiwa kizima kilikuwa kinakubandikia maji, isipokuwa nyumba moja. Nami nikalikumbuka lile "Haya" lako la mlangoni. Ulikuwa unajua. Jioni zote hizo ulijua hatukusikii, na kesho yake ukapanda tena kilima ukatuita.

Tangu hapo tumejaribu kutengeneza. Tulikwenda mpaka gatini kuomba radhi, Mjomba Spika mbele, ananong'ona kama mgonjwa. Wakatujibu, "Msijali, yameisha," lakini walitujibia mlangoni, na hakuna aliyesema karibuni ndani. Tunawaelewa.

Kipindi chako sasa anacho Mama Mkaa. Anatangaza vizuri, ila ni mkali kidogo kwa wenye mbuzi. Baba hapitwi. Mpira ukichezwa uchezwe, yeye anakaa karibu na redio, sufuria ya maji mkononi, anasubiri maneno yako. Mama Mkaa anasema, "Nimemaliza," halafu anazima. Hasemi zaidi. Baba anakaa na sufuria yake mpaka namwambia, "Baba, bandika tu." Anajibu, "Sijaambiwa."

Wiki iliyopita nilipanda kilima kumwomba Mama Mkaa atusomee tangazo hili la kumbukumbu, na akishalisoma amalizie na maneno yako, japo kwa leo tu, kwa ajili ya Baba. Alinisikiliza huku anafuta vumbi kwenye mtambo.

"Mwanangu, yale si maneno yangu," akasema. "Mimi nilikuwa wa kuyasikia. Wa kuyasema ni wa kwenu. Njoo uyaseme mwenyewe."

"Nitaona haya, mama."

"Ona haya. Lakini njoo."

Basi nimekuja. Nimekaa kwenye kiti chako, mto ulioushona mwenyewe bado upo, na mkononi nina mkasi wako kwa sababu sikujua niweke wapi mikono. Fundi mitambo ananionyesha kwa kidole kwamba nisogee, nisiogope.

Wanaokukumbuka ni mume wako, ambaye sasa hivi yuko jikoni. Ni Kaka Mkubwa na mkewe, na wasifu ule ameuchana. Ni mimi binti yako. Ni Mjomba Spika, aliyeomba asitajwe, na tumemtaja. Na wanakukumbuka wa nyumbani, upande huu wa kisiwa na upande wa pili, tuliowainua vitini mbele ya jeneza lako. Kesho tutakutana nyumbani kukukumbuka. Viti vya mbele havina karatasi. Mkija mkae, sisi tutasimama ukutani.

Tutakukumbuka siku zote, Mama. Tusamehe tulivyokuacha ukatuita peke yako.

Wa nyumbani, nimemaliza. Kama bado mnatusikiliza, bandikeni maji. Nateremka.