Sharti Nililoliruka kwa Makusudi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Shemeji naye hajambo, na mguu wako umeanza kukanyaga chini? Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri na anakutaja kila akishika kijiko, kana kwamba mezani hakuna mwanawe mwingine.

Barua yako nimeipata. Unasema aliyekukopesha fedha za safari anaitaka nyumba yako, ingawa meli uliyoiweka rehani imezama na mzigo wote. Kila mtu bandarini anajua kuwa mkopo wa namna hiyo huzama na meli yake. Ndiyo maana riba yake ni kubwa, kwa kuwa hatari ya bahari ni ya mkopeshaji. Unaniomba nije Alhamisi nimhakikishie hakimu kwamba sharti hilo limo, maana hati niliiandika mimi.

Halimo, mdogo wangu.

Nimekuonea wivu tangu baba alipokupa wewe meli, mimi akanipa kalamu, eti nina mwandiko mzuri. Miaka ishirini nimekaa katika kile chumba juu ya ghala la kamba, nikiandika mikataba ya safari za wengine mpaka suruali zimechakaa makalioni. Wewe ukirudi, mtaa mzima unatoka kukupokea. Siku ile uliingia ofisini na viatu vipya, ukanipiga bega ukaniita bwana wino mbele ya wenzangu. Walicheka, nami nikacheka, huku roho inaniuma.

Sharti hilo naweza kuliandika hata usingizini. Kwenye hati yako nililiruka. Nilitaka nawe uiogope bahari kidogo. Mkopeshaji aliona, akanyamaza. Wewe ulitia saini bila kusoma, ukasema kazi ya kaka haikaguliwi.

Meli ilipozama, kabla hujaokolewa, watu walijaa kwa mama kukulilia. Hata kilio kile nilikuonea kijicho.

Alhamisi nitakuja. Nitamweleza hakimu nilichofanya. Kazi nitaikosa, na pengine nitafungwa, ila nyumba huenda ikapona. Nimetanguliza barua hii kwa sababu moja: ukiniona mlangoni pa mahakama, usije ukanikimbilia kunikumbatia mbele za watu.

Nisalimie shemeji na watoto, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi,
kaka yako