Kilo Mbili za Maji

Binti yangu uliye mbali,

Mimi mzima, jino limebaki moja, nalo halina kazi. Mwanao yuko hospitali, wodi ya wanawake, kitanda cha mlangoni. Usilie kwanza, soma.

Alikuwa anapunguza mwili, kila asubuhi anapanda mizani yangu ya magunia. Jumatatu ikaonyesha kilo mbili zaidi. Nikamtania, "Mama, umemmeza nani?" Hakucheka. Akaacha kula kabisa, na siku ya nne akaanguka kazini, kichwa kikagonga cherehani.

Nesi kaniambia bila haya: mwanamke akikaribia siku zake mwili hushika maji, uzito ukapanda, kisha hedhi ikishaanza maji hutoka yenyewe. Hayakuwa mafuta. Miaka arobaini nilipima magunia ghalani, na lililolowa nililikatia uzito wa maji bila kufundishwa na mtu. Mjukuu wangu mwenyewe sikumkatia hata tone.

Njoo wewe. Uji nikimpelekea ananigeuzia mgongo. Jana nesi alipotaka kumpima, aliuliza kwanza, "Babu ameondoka?"

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikauacha uji sakafuni, nikatoka kwa kunyata.

Ni mimi, baba yako mropokaji