Usukani Aliouchukua Mtani

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Iringa baridi imeniingia mifupani, lakini bibi yako bado ananigombeza, kwa hiyo nyumba ni nzima. Wasalimie wote huko Mbeya.

Unataka kulifufua lile gari la Kimarekani lililo uani, na umeuliza usukani wake uko wapi. Nikwambie kabla sijafa.

Nililipata likiwa kutu tupu. Nikalikwangua kwa msasa, nikaziba sakafu kwa bati, hadi injini ikaunguruma. Jumapili niliyotaka kumpeleka mama kanisani, alikuja Komba, mtani wangu Mngoni, akaufungua usukani na kuuvaa shingoni.

"Ukiutaka, Mhehe, njoo uukomboe kwa jogoo. Usiniletee mbwa!"

Watu wakaangua kicheko, maana sisi Wahehe hutaniwa kuwa tunakula mbwa. Mtani hanuniwi, nami nikacheka. Mama akaenda kanisani kwa miguu, na hakuwahi kulipanda gari lile.

Nina hasira tangu siku ile, na sijamwambia mtu. Nikomboe kitu changu mwenyewe? Yeye alisubiri jogoo, mimi nikasubiri aone aibu, na kutu ikarudi. Juzi alikuja kunijulia hali, akaniahidi kuusimika usukani huo juu ya kaburi langu. Nikacheka tena!

Labda jogoo mmoja angeyamaliza yote mapema. Mpelekee basi, uuchukue, gari litembee. Lakini Komba akicheka, wewe usicheke.

Babu yako